Continental Mark II: sijaona gari ya Marekani iliyotengenezwa kwa moyo kama hii

Watu wakisikia gari ya Marekani ya miaka ya 50 moja kwa moja wanafikiria yale mapezi marefu nyuma na nikeli kila kona. Sasa tafuta picha ya Continental Mark II ya 1956 uiangalie vizuri. Hamna pezi. Nikeli ipo ila imewekwa pale inapohitajika tu, boneti ndefu, paa fupi, ubavu umenyooka umetulia, na nyuma kwenye mfuniko wa buti kuna ule uvimbe wa duara wa spea tairi, na sio pambo bwana, spea yenyewe iko humo chini imesimama kweli. Kwangu mimi hii ndio gari nzuri kuliko zote za milango miwili zilizotoka Marekani muongo ule, na sababu kubwa haipo hata kwenye sura, ipo chini ya bodi.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu jina. Wengi wanaiita Lincoln, ile chapa ya kifahari ya Ford, lakini ilipotoka haikuwa na jina hilo popote. Ford walianzisha idara peke yake ikaitwa Continental, wakampa William Clay Ford aiongoze, yule mtoto wa mwisho wa Edsel Ford, mtoto wa Henry Ford mwenyewe. Na Edsel ndiye aliyeagiza ile Continental ya kwanza kabisa ya 1939, kwa hiyo hapa kijana alikuwa anaendeleza kazi ya marehemu baba yake, na ukiikagua hii gari unaona kabisa hakutaka kumwangusha mzee. Ile nyota ya ncha nne ambayo leo mnaiona kwenye Lincoln zote ilianzia hapa.

Haya, twende kwenye fremu, maana hapa ndipo ninapoipendea. Gari iko chini sana, kimo kama mita 1.42 hivi, na kwa kawaida ukishusha paa namna hiyo abiria wanakaa magoti yamegusa kidevu. John Reinhart na timu yake ya michoro walitaka vyote viwili, paa la chini na viti virefu mtu akae kama yuko sebuleni. Wahandisi chini ya Harley Copp wakaja na fremu inayoshuka katikati, yaani inatoka mbele, ikifika usawa wa milango inazama chini, halafu inapanda tena kupita juu ya ekseli ya nyuma. Sakafu ikashuka nayo, viti vikabaki na urefu wake, na paa halikuinuliwa. Wenyewe waliita fremu ya tumbo la ng'ombe na ukiiona kwa ubavu bila bodi unaelewa mara moja kwa nini. Upande wa bodi alikuwepo Gordon Buehrig, yule aliyechora Cord 810, gari maarufu ya Marekani ya miaka ya 30, so hawa hawakuwa watu wa kubahatisha.

Injini ni V8 ya lita 6.0, ile ile ya Lincoln, ila za Mark II zilichaguliwa kutoka kwenye laini halafu zikakaguliwa na kubalansiwa upya kabla ya kufungwa. Ya 1956 inatoa nguvu za farasi 285, ya 1957 wakapandisha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kutoka 9 hadi 10 ikafika 300. Giaboksi ni otomatiki ya gia tatu, Turbo-Drive. Usitegemee mbio za kukutoa roho hapa, gari ina uzito unaozidi tani 2 na urefu wa karibu mita 5.5, lakini inavyoondoka ni kimya na laini, inavuta tu taratibu mpaka unashangaa mshale wa spidi umefika wapi. Ekzosi ni mbili na zinatokea kwenye bampa la nyuma lenyewe, hakuna bomba linaloning'inia chini. Mdomo wa tenki nao hauuoni, umefichwa nyuma ya taa ya kushoto, unaivuta taa inafunguka kama kimlango. Aliyefikiria hicho kitu alikuwa anaipenda kazi yake.

Ndani sasa. Dashibodi ina mita za duara zilizopangwa kwa adabu, kuna mpaka ya mizunguko ya injini, kitu ambacho gari nyingi za kifahari za Marekani wakati ule hazikuwa nacho, na swichi za hita ni vile vishikio vya kusukuma kama vya kwenye ndege. Ngozi ya viti ililetwa kutoka Bridge of Weir kule Scotland. Usukani wa pawa, breki za pawa, vioo vya umeme, kiti cha umeme, vyote vinakuja na gari, hulipii zaidi. Cha kuongezewa kilikuwa kimoja tu, kiyoyozi, dola 595, na ukiona gari ina midomo midogo ya kuvutia hewa juu ya mabega ya nyuma ujue hiyo inacho, mtambo wake uko kwenye buti.

Halafu wilikapu, vile vifuniko vya magurudumu! Zile blade zinazozunguka kila wilikapu sio bati moja lililogongwa, kila blade ni kipande chake na imefungwa kwa mkono. Nani anafanya hivyo?

Jibu ni mtu asiyejali hasara, na hasara ilikuwepo. Bei ilikuwa karibu dola 10,000 wakati Ford ya kawaida unaipata kwa kama 2,000, na bado inaelezwa kampuni ilipoteza kama dola 1,000 kwa kila moja. Hisa za Ford ziliingia sokoni Januari 1956, na ukishakuwa na wenye hisa gari ya namna hiyo haiwezi kukaa. 1957 ikasimamishwa, zikiwa zimetengenezwa kama 3,000 tu. Elvis Presley alikuwa nayo, Frank Sinatra pia, Elizabeth Taylor pia.

Mapungufu yapo na nayasema. Breki ni drami magurudumu yote manne, kwa uzito ule mteremko mrefu unazichosha, inabidi uendeshe kwa kutanguliza akili. Kwenye kona inalala, sio gari ya kukata kona kwa hasira. Mafuta inakunywa. Buti kwa nje linaonekana kubwa ila spea imekula nafasi, na begi zito inabidi uliinue ulipitishe juu ya tairi ndio litulie, kwa kweli hapo sura ilishinda matumizi.

Kama unafikiria kununua, injini isikutishe sana maana ni ndugu na ya Lincoln na fundi anayezijua V8 za zamani ataielewa. Kinachoua ni vitu vya nje na vya ndani ambavyo ni vya hii gari peke yake: blade za wilikapu, taa, vipande vya nikeli, vishikio vya dashibodi. Gari iliyokamilika yenye injini mbovu ni bora mara kumi kuliko inayonguruma vizuri halafu imepungukiwa vipande. Kabla hujatoa hela ipandishe juu, ingia chini na tochi, kagua kutu pale fremu inaposhuka na pale inapoanza kupanda kwenda ekseli ya nyuma, kisha shusha na pandisha vioo vyote kimoja kimoja, na uhesabu blade.