Yoyo ipi ununue kulingana na ulipofikia

Kabla hujatoa hela uliza kitu kimoja tu, ukiivuta kidogo inarudi mkononi yenyewe au hairudi? Maana watu wengi tunavutwa na chuma kinavyong'aa, unafika nyumbani unarusha, inazunguka weee huko chini mpaka inasimama, unaona umeuziwa mbovu. Kumbe nzima, ila ni ya wazoefu, nafasi ya uzi ni pana na beringi (kile kipete cha katikati kinachoifanya izunguke) ni laini mno kwa hiyo uzi haushiki mpaka uukunjie ndani makusudi, ndo kubaindi huko. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo na niliteseka nayo wiki mbili nzima, nisingependa mtu mwingine aanzie hapo.

Kwa anayeanza namba moja kwangu ni ya plastiki, umbo la kipepeo (mdomo mpana, uzi unaingia kirahisi), yenye beringi nyembamba na inayorudi kwa kuvutwa. YoYoFactory One naipenda hasa kwa sababu ukishakomaa unatoa beringi nyembamba unaweka pana, yoyo ileile inakuwa ya kubaindi. Na ikianza kuchelewa kurudi usiitupe, mara nyingi uzi umechoka, badilisha.

Ya pili ni Duncan Butterfly ya kawaida. Haina beringi, inazunguka muda mfupi, lakini mkono unajifunza kurusha kwa nguvu na kunyooka, na hilo ndo jambo lenyewe.

Zile zenye klachi kama Yomega Brain naziweka mwisho kwa mtu mzima. Ikipungua mwendo klachi inabana ekseli, yaani mhimili wa katikati, inarudi yenyewe, mtoto mdogo atafurahi sana, ila wewe hujifunzi lini uvute.

Ukishaweza kuilaza, yaani kuiacha izunguke huko chini, bila kuyumba na kuidakia kwenye uzi, hapo nenda za kubaindi, ila anza na plastiki kama Replay Pro, maana alumini ikikugonga kwenye vifundo vya vidole utaikumbuka. Ya alumini ije baadaye, Shutter bado ni chaguo zuri sana, ni yoyo ya Gentry Stein aliyechukua ubingwa wa dunia wa 1A (mtindo wa yoyo moja na mbinu za uzi) mwaka 2014, na uzito wake mwingi uko pembeni ndo maana inazunguka kwa muda mrefu.

Anayetaka kurusha mbili kwa mikono miwili, yaani 2A, asinunue hata moja kati ya hizo za kipepeo, atafute zenye pande za mviringo kama Loop 720, zikirudi zinageuka vizuri bila kujikwaa.

Halafu uzi jamani! Simamisha yoyo sakafuni, kata uzi usawa wa kitovu halafu funga kitanzi cha kidole. Wauzaji wanakuachia mrefu vilevile na mtoto anaishia kuigonga chini kila akirusha.