Blu-ray za muvi za Kijapani: ipi ununue, na kwa nini mie naanza na sabtaito kabla ya picha

Ugomvi ulianzia kwenye Perfect Days. Kwenye grupu letu la wapenzi wa muvi za Kijapani kaka mmoja kaandika kwamba ni mzee anaosha vyoo vya Shibuya masaa mawili basi, hakuna kingine, halafu dada mwingine akaja juu kwamba yeye alilia pale mama mwenye baa anapoimba. Kaka akauliza sasa unalia nini, si wimbo tu? Tukavutana weee mpaka mtu akapata akili ya kuuliza, hivi kwenye kopi yako ule wimbo una sabtaito? Hauna. Yule mama ni Sayuri Ishikawa, mwimbaji mkubwa tu huko kwao, na anachoimba ni House of the Rising Sun kwa maneno ya Kijapani, kwa hiyo kama husomi anachosema unabaki unamwangalia Koji Yakusho, yule mzee wa vyoo, amekaa kaunta kama mteja mwingine yeyote. Muvi hiyohiyo ndo iliyompa Yakusho tuzo ya mwigizaji bora Cannes 2023, na watu wawili wa grupu moja wameangalia vitu viwili tofauti.

Kabla hatujapoa dada mmoja wa Arusha akanitumia picha. Kaagiza diski kutoka Japani kupitia mtu, kalipa karibu laki mbili, kasha zuri, kitabu cha picha ndani, kafungua kwa furaha zote, lugha: Kijapani. Sabtaito: Kijapani. Basi. Muuzaji anamjibu "madam hiyo ni original kabisa." Ndiyo ni original, original kwa Wajapani!

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa yeye na wengine mlionijaza meseji. Sitaongelea ukali wa picha wala sauti ya spika ngapi wala maziada ya kwenye diski, hayo kila mtu anayaandika na mengi ni mazuri tu siku hizi. Suala la deki kukataa diski nalimaliza hapa hapa: kila diski ina herufi ya eneo la dunia na deki inacheza za eneo lake tu, Blu-ray ya Marekani na ya Japani zote ni herufi A, sisi Afrika tuko B pamoja na Ulaya, diski za 4K hazina hiyo shida hata kidogo, na kama una PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inacheza 4K bila neno (PS4 haichezi 4K, msije kuniuliza tena). DVD ndo vurugu zaidi, Japani ni 2 sisi 5, achana nazo kama unaweza.

Sasa tuje kwenye sabtaito. Watu wananunua muvi ya lugha wasiyoijua halafu kitu pekee kinachowaunganisha na ile muvi hawakiulizii. Muuzaji akiandika "English subtitles" wanaona yameisha. Hayajaisha jamani.

Kosa la kwanza ndo hilo la nyimbo, na ukiongeza barua, vibao vya dukani, gazeti linaloonyeshwa kwa sekunde mbili, simu inayotumiwa meseji. Tafsiri ya kivivu inaandika mdomo tu. Mie nina jaribio langu, ni ile sehemu ya bembea kwenye Ikiru ya mwongozaji Kurosawa ya mwaka 1952. Yule karani mzee, Takashi Shimura, kakaa kwenye bembea usiku theluji inaanguka anaimba taratibu Gondola no Uta, wimbo wa mwaka 1915 unaowaambia wasichana maisha ni mafupi wapende kabla rangi ya midomo haijapauka. Alishauimba kabla ya hapo, baa, hadi watu wakaacha kucheza dansi. Kama diski haijatafsiri wimbo mara zote mbili umenunua nusu ya muvi, maana anachouimbia pale baa sicho anachouimbia pale kwenye bembea, na maneno ni yaleyale.

Kosa la pili ni weupe juu ya weupe. Hili hakuna anayelisemea na linanikera kuliko yote. Drive My Car ya Hamaguchi, muvi ya dakika 179, unavumilia gari jekundu na mazoezi ya jukwaani mpaka unafika Hokkaido, yule dada dereva na Kafuku, mwongozaji wa jukwaani anayemwendesha, wamesimama kwenye theluji pale nyumba ya kwao ilipokuwa, wanaambiana yale waliyoficha muvi nzima, na herufi ni nyeupe, na theluji ni nyeupe!! Kama herufi hazina ukingo mweusi wa maana unabaki unakodoa macho kama unasoma bei ya mafuta kwa mbali. Muvi nyingi za zamani ni nyeusi na nyeupe, mashati meupe, karatasi za milango, theluji, moshi. Ukingo wa herufi ni kitu kidogo sana lakini ukikosekana umekosa maongezi.

Na hiyohiyo Drive My Car ina lingine. Waigizaji ndani ya muvi wanafanya mchezo wa Chekhov, mwandishi wa Kirusi, kila mtu kwa lugha yake, Kijapani, Kichina, Kikorea, mmoja anatumia lugha ya ishara ya Kikorea, na watazamaji wa ule ukumbi wanasomewa tafsiri kwenye skrini juu ya jukwaa. Mtu wa Tanga kwenye grupu yetu aliangalia masaa yote matatu akijua wote wanaongea Kijapani, akasema muvi ni ndefu bila sababu. Simlaumu. Masikio yetu hayajazoea kutofautisha, na sabtaito yake iliweka kila kitu rangi moja mtindo mmoja.

Kosa la tatu liko zaidi kwenye katuni. Kuna sabtaito zilizotafsiriwa kutoka Kijapani na kuna zilizonakiliwa kutoka kwa wale walioingiza sauti za Kiingereza. Hawa wa sauti wanapenda kujaza ukimya. Namna ya kukamata ni rahisi, weka sauti ya Kijapani, subiri mtu afunge mdomo, kama maandishi bado yanaongea basi hiyo siyo tafsiri ya unachokisikia.

(Sisemi kwamba lazima iwe kwa maandishi. Sisi tumekulia vibanda umiza, marehemu Lufufu alikuwa anatuongelea muvi nzima na tulikuwa tunamfuata yeye kuliko Jackie Chan. Hata Wajapani enzi za sinema bubu walikuwa na watu wao, benshi, wanasimama pembeni ya skrini wanaongea, kaka yake Kurosawa mwenyewe alikuwa mmoja wao. Ila Lufufu hakuniuzia kwa laki.)

Haya, kwa mpangilio wangu mie:

Namba moja ni Criterion, kampuni ya kutoa diski, na nasema mapema nina upendeleo, wala sijifichi. Wamarekani hawa wako tangu 1984, na nyuma ya kasha wanakuandikia kabisa kama tafsiri ya Kiingereza ni mpya. Hicho tu. Kampuni inayojivunia tafsiri hadi kuiweka kwenye orodha ya sifa, sehemu ambayo wengine wanaandika habari za trela, huyo ni mtu anayejua ninachonunua. Ikiru wanayo, Seven Samurai wanayo, Drive My Car wanayo, Perfect Days wanayo, yaani kila muvi niliyoitaja mpaka hapa unaipata nyumba moja. Bei ndo inauma, dola 39.95 Blu-ray na 49.95 kwa 4K, huko unazungumzia laki na ushee kabla hujalipia usafiri, na ukifika bandarini kwetu VAT ni asilimia 18, Kenya 16. Duka la Barnes & Noble huzishusha kwa nusu mara mbili kwa mwaka, Julai na Novemba, kwa hiyo kama una ndugu Marekani huo ndo wakati wa kumkumbuka kwa salamu nyingi. Kumbuka ni herufi A. Ila tangu 2016 wana tawi la Uingereza na hizo ni B, zinaingia kwenye deki zetu, na orodha yao ni fupi kuliko ya Marekani. Mie nikipata ya Uingereza silali.

Namba mbili Masters of Cinema ya Eureka, Waingereza, Blu-ray zao nyingi ni B. Hawa nao wanaitaja tafsiri mpya wanapoifanya, na sabtaito zao unaweza kuzizima ukitaka. Kwa mtu anayeishi huku bila ndugu Marekani labda hawa ndo wangekuwa wa kwanza, lakini orodha ni yangu.

BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, wanafuata, na kwa muvi za mwongozaji Ozu hasa. Mtu anaangalia Tokyo Story ya 1953 anasema hakuna kinachotokea, wazee wanatembelea watoto mjini, watoto wako bize, wazee wanarudi. Dada, hiyo ni kila familia ya Kibongo yenye watoto Dar! Mama zetu wangeielewa bila maelezo. Seven Samurai nayo wameitoa kwa 4K, dakika 207, na kwa kuwa ni 4K hakuna mambo ya herufi.

Third Window Films wana muvi za siku hizi, na hapa nataka kusema kitu, vichekesho ndo vinauawa zaidi na sabtaito mbovu. Maneno yakitokea sekunde moja mapema umeshacheka kabla mtu hajaongea. One Cut of the Dead ya 2017 ilitengenezwa kwa yeni milioni tatu hivi, ambayo kwa sinema ni hela ya karanga, dakika 37 za mwanzo kamera haikatwi, na utamu wote uko kwenye nani kasema nini wakati gani. Grupu nzima ilikubaliana kwenye hiyo, kitu ambacho hakitokei. Msikate tamaa katikati tu, dakika kama arobaini hivi mtadhani nimewapoteza.

Arrow na Radiance nenda nao ukitaka yakuza, yaani muvi za magenge ya wahalifu wa Kijapani. Angalizo moja: kwenye Battles Without Honor and Humanity ya Fukasaku ya 1973 jina la mtu, cheo chake na genge lake vinaandikwa kwenye skrini huku watu wanapigana na kuongea kwa mpigo, kwa hiyo unataka sabtaito inayoweka maandishi ya skrini sehemu yake na maongezi sehemu yake. Vikirundikwa pamoja utajua kuna mtu kafa ila hutajua nani. Radiance wanatoa makasha ya kopi chache, yakiisha wanakuja walanguzi wanauza mara mbili, na mie mlanguzi sinunui kwake hata iwe nini, nasubiri toleo la kawaida.

Za Ghibli, ile studio ya katuni, Marekani ziko na kampuni ya GKIDS, hapo fanya lile jaribio la mdomo na uchague kwa makini kwenye menyu, mara nyingi Kiingereza kiko cha aina mbili na kile cha wasiosikia ndo kinafuata sauti za Kiingereza. Zile Ghibli za Japani zenyewe ni afadhali kuliko diski nyingine za huko maana nyingi zina sabtaito za Kiingereza. Nyingine zote za Japani usinunue bila kuona nyuma ya kasha, ni ghali, ni A, na dada wa Arusha ni shahidi.

Za kujaziwa kwenye flashi kwa jero Kariakoo? Unapata unacholipia. Ule wimbo wa mama mwenye baa ulipotelea huko.

Na wauzaji sasa. Wauzaji wetu wa mtandaoni mna nini na picha ya mbele ya kasha? Mbele kuna sura ya samurai, sote tunaijua. Mie nataka nyuma. Nikiomba nyuma naambiwa "ipo kwenye boksi dada", nikiuliza bei naambiwa njoo inbox, nikija inbox naulizwa niko wapi, yaani bei inategemea mtaa ninaokaa! Mmoja kanitajia bei, nilipomuuliza kama nyimbo zimetafsiriwa akapandisha, sijui aliona nina hela au aliona najua ninachotaka. Na hii tabia ya kuandika "sub Eng" kwenye kila kitu kuanzia Korea mpaka Bollywood bila kufungua diski hata moja, mtu anatuma laki yake anapigwa mchana kweupe halafu kurudisha haiwezekani kwa sababu nailoni imeshachanwa. Ningejuaje bila kuichana?

Kwa hiyo kabla hujatuma hela omba picha ya nyuma ya kasha isomeke, herufi ya eneo ionekane na mstari wa lugha uonekane, halafu muulize kama sabtaito zinazimika au zimechomelewa kwenye picha. Zilizochomelewa kimbia. Akikujibu "ni original" kimbia pia.

Mnaoniuliza Kokuho, ile ya kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani) iliyojaza kumbi Japani 2025: mle ndani kuna michezo ya jukwaani yenye Kijapani cha kale na kuimba, na mie nataka kujua kitu kimoja tu, yale ya jukwaani yametafsiriwa au wameandika maongezi ya nyuma ya pazia peke yake? Aliyeishika diski yake mkononi anitumie picha ya nyuma.