MRI ya figo: mashine sina neno nayo, aliyeiendesha ndiye

Niseme mapema: ugomvi wangu ni na yule bwana wa nyuma ya kioo.

Nilikuwa nimekwenda kutafutwa vijiwe vya nyongo, ultrasaundi ikaibua kauvimbe kwenye figo ya kushoto, hata sentimita 3 hakafiki. Daktari akanituliza: uvimbe wa figo usiozidi sentimita 4 huhesabiwa mdogo, na karibu mmoja kati ya mitano ukitolewa hukutwa si saratani. Basi kabla ya kisu, MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Wakanipima damu kwanza kuona figo zinafanyaje kazi, maana dawa ya gadolinia, ile wanayokuchoma mshipani ili picha zionyeshe vizuri, haichezewi kwa mtu ambaye figo zimechoka sana. Hapo walinitendea vizuri, sikatai.

Makelele ya mle ndani kila mtu keshayasikia. Shida ni pumzi. Hakuna aliyeniambia kuwa nitaamriwa nitoe pumzi yote, kisha nikae bila kuvuta nyingine kwa sekunde zinazokaribia 20, tena na tena. "Vuta. Toa. Usipumue." Nikajitahidi, kifua kikanishinda. Ndipo sauti ikaja masikioni: "Mama, kama hutaki kipimo useme, wenzako wanasubiri nje." Nimefungwa lidude tumboni, sindano iko mkononi, na mtu ananisimanga! Tangu hapo sikushika pumzi hata moja ya maana. Nani angeweza?

Na kwa figo, pumzi ndiyo kila kitu, kwa sababu ukipumua nayo inapanda na kushuka. Wanapiga picha kabla ya dawa na baada ya dawa, halafu kompyuta inaondoa ya kwanza kwenye ya pili ili ibaki ile sehemu iliyonyonya dawa. Figo ikisogea kidogo tu, picha hazilali pamoja. Uvimbe mdogo kama wangu unapotea humo, au unang'aa kwa uongo. Ripoti ikaja hivyohivyo: picha zimetikisika, kipimo kirudiwe. Kirudiwe! Na aliyenisimanga hakutajwa popote kwenye karatasi hiyo.

Mara ya pili nilimkuta dada mmoja, akasimama kando yangu tukafanya mazoezi ya kupumua kabla hajanisukuma ndani. Dakika chache tu. Picha zikatoka safi: si mfuko wa maji, hauna mafuta, unanyonya dawa. Nikajua sasa jibu limepatikana. Wapi! Daktari akasema uvimbe uitwao onkositoma, ambao si saratani, na aina mojawapo ya saratani ya figo hufanana mno kwenye picha. Tukitaka uhakika, kinyama kitolewe kwa sindano kikapimwe. Nikajiuliza mateso yote yale yalikuwa ya nini.

Ila bila picha zile safi, pengine sasa hivi ningekuwa nimeshapasuliwa. Tumekubaliana kuufuatilia kwanza, na kwa kuwa MRI haitumii mionzi ya eksirei, kuirudia mara kwa mara hakunitishi kwa upande huo. Kwa hiyo naipendekeza. Kwa shingo upande, lakini naipendekeza.

Zile picha za mwanzo, zilizotikisika, nilitozwa sawa na nzuri. Hilo bado tunabishana.