TAHADHARI: Anauza cherehani za kushonea mashati akiziita za ngozi

Mafundi wa ngozi wa Kisumu, wa Kakamega, na nyinyi wa Nakuru mnaoagiza kwa simu: yule mzee wa vichwa vya cherehani vya mitumba (mashine yenyewe, bila meza), yule ambaye kila mtu Kibuye humsifu, mnamjua. Msimpe hata shilingi. Kichwa alichokiuzia kikundi chetu kwa 68,000 kama "cherehani nzito ya ngozi" ni cherehani ya kiwandani ya kushonea mashati, imepigwa rangi mpya na kufungwa mguu wa gurudumu (mguu ndio ule unaobana kazi chini ya sindano). Mtu mzima mwenye mvi anakuuliza, "Fundi, unataka kushona nini?" Unamwambia mikanda na mabegi ya shule. Anajibu, "Hiyo ndiyo kazi yake." Mkora mkubwa.

Sikieni alivyofanya, maana ni mchezo uleule kwa kila mteja. Anachukua ngozi ya mbuzi, ile laini ya bitana, milimita moja hivi, anaikunja tabaka nne. Anaibana kwa kiganja uone unene. Anaiweka chini ya mguu, anakanyaga, inapita bila kelele. Anakunja jinzi tabaka nane, anapita juu ya nundu ya pindo bila kusita. Halafu anagonga kichwa kwa bisibisi: "Sikia, chuma tupu!" Kile kipande anakukabidhi upande wa juu ukikutazama, na kabla hujakigeuza ameshakinyakua tena akuonyeshe kurudi nyuma. Chini yake ndiko kwenye ukweli: mafundo yote yamevutwa chini, uzi wa bobini umelala umenyooka, na alama za meno ya mashine, yale yanayosukuma kazi kutoka chini, zimechimba ngozi mstari mzima.

Hiyo ngozi ya bitana imesafishwa kwa kromu. Ni laini, inabonyea, tabaka nne zikikandamizwa na mguu hazibaki nne tena. Uzi aliokuwa ametia ni wa nguo, namba 120, na sindano ni mpya kabisa. Kwa hali hiyo hata cherehani ya nyumbani inapita. Ngozi ya mkanda iliyosafishwa kwa magome ya miwati haina huruma hiyo: milimita 3.5 kila tabaka, mbili ni 7, na haibonyei. Uzi wake ni nailoni namba 20 (kwenye nyuzi hizi namba ikipungua uzi unanenepa), na uzi huo unataka sindano ya 140 hadi 160.

Na msituulize mbona tulimwamini. Bei haikuwa ya kutupwa, na bei ya kutupwa ndiyo huwa inatushtua. Risiti ina mhuri. Mafundi nguo wa pale wanampelekea mashine zao azirekebishe na zinarudi zikifanya kazi. Halafu anayajua maneno yote ya mashine za ngozi: anataja mguu unaotembea, anataja sindano inayosukuma, na mezani kando ya kichwa ameweka pakiti ya sindano za DPx17, ambazo kweli ndizo za mashine nyingi za ngozi. Pakiti haikufunguliwa. Isingeweza kufunguliwa! Sindano ya DPx17 ina shina (ile sehemu ya juu inayoingia kwenye mashine) la milimita 2, na kichwa kile kinatumia DBx1 yenye shina la milimita 1.62. Haiingii kwenye tundu hata uisukume kwa nyundo. Pakiti ilikuwa pambo.

Kwenye kazi yenyewe matokeo ni yaleyale kwa yeyote aliyebeba mashine hizi. Meno ya chini yanasukuma tabaka la chini peke yake. Tabaka la juu linashikwa na mguu, linabaki nyuma, na kwenye mkanda mrefu ncha hazikutani tena. Ule mguu wa gurudumu unapunguza msuguano tu, hausukumi kitu. Ukikaza springi ya mguu ili meno yashike, unazidisha alama upande wa pili. Ukifika penye bizimu ya mkanda, unene unaongezeka ghafla, mshono wa milimita 5 unafinyana unakuwa 2, matundu yanakaribiana na ngozi inachanika hapo kama stempu. Sindano nyembamba inapinda, inagonga bamba, inavunjika. Mbaya zaidi ni ndoano ya chini, ile inayokamata uzi wa sindano: inapita kando ya sindano kwa nafasi ya unene wa karatasi, basi sindano iliyopinda inaikwaruza ncha, na kuanzia hapo mashine inaruka mishono hata kwenye kitambaa. Ukimrudishia anakwambia wewe ndiye uliyeiharibu kwa kushona "ngozi ngumu". Ngozi ngumu! Na uliponunua alidhani unashona nini, mandazi?

Mota nayo ni wizi mwingine. Hivi vichwa vimetoka viwandani, na mota nyingi za huko ni za fezi tatu. Yeye anaifungia kapasita ili iitikie umeme wa kawaida wa dukani, inaguna, inapoteza nguvu, inachemka. Kibati cha mota amekipaka rangi usisome volti. Akikuwekea ya fezi moja, ni ile ya mizunguko 2,850 kwa dakika, gusa kidogo imeruka. Ngozi inataka mwendo wa pole: mota ya sevo (ile unayoweza kuipunguza mwendo) ya wati 550 na puli ndogo ya milimita 45 au 50 vinatosha kabisa kwa mabegi na mikanda.

Dalili? Zilikuwepo. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na utazame sindano ikiwa ndani ya ngozi. Mashine ya ngozi hasa ina miguu miwili, wa ndani na wa nje, inayopokezana, na sindano yenyewe inasogea nyuma pamoja na meno. Ikiwa sindano inapanda na kushuka tu mahali pamoja na mguu ni mmoja, hiyo ni ya mashati, hata ingekuwa nzito kiasi gani. Wapo watakaokuonyesha miguu miwili inayotembea huku sindano haisogei. Hiyo walau inafaa reksini (ngozi bandia) na turubai. Shina la sindano likiwa bapa upande mmoja, hiyo ni ya nyumbani, ondoka. Rangi mpya kwenye kichwa huku skrubu zimeliwa vichwa, pia ondoka. (Na soli za viatu msizitafute kwenye hizi za meza kabisa, hata zilizo halali. Hiyo ni mashine nyingine.)

Huyu mzee asiachwe hivihivi. Mwenye risiti aende Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai hadi milioni 1, na sheria ya mauzo ya bidhaa iko wazi: ukimwambia muuzaji kazi unayoitakia mashine, naye akakuuzia kwa kazi hiyo, lazima iifae. Waliosikia akisema "hiyo ndiyo kazi yake" wako tayari kusema hivyo mbele ya hakimu. Mafundi nguo nao waache kumpelekea hata bobini. Lile duka lifungwe na funguo zitupwe Nam Lolwe, ziwani Viktoria! Kuna vijana wamechukua mkopo wa chama kununua takataka ile, na marejesho ya kila wiki hayangoji mashine ipone.

Kama umeshalipa arbuni na hujabeba, usibebe. Nenda na vipande viwili vya ngozi yako ya mkanda, sentimita 50 kila kimoja, vilivyokatwa sawasawa, usivigundishe. Beba uzi wako namba 20, juu na bobini, na sindano ya 140 yenye ncha ya ngozi. Mwambie avilaze kimoja juu ya kingine, ashone mwanzo hadi mwisho, mshono wa milimita 5, kisha wewe mwenyewe uvigeuze na upime ncha. Zikipishana zaidi ya milimita mbili tatu, au akikwambia sindano hiyo haiingii leo, dai arbuni yako papo hapo, na uwe umekuja na mtu wa pili wa kushuhudia.