Unaanza padeli? Pesa ya kwanza iende kwenye viatu

Anayeanza padeli, mchezo unaofanana na tenisi ila uwanja wake una kuta za kioo, hukimbilia raketi, kwa kuwa ndiyo inayong'aa dukani. Ila raketi unailipa mara moja. Uwanja unaulipa kila unapocheza, na huko ndiko pesa inakoishia. Afadhali mchezo wenyewe ni wa watu 4, wawili kwa wawili, hivyo gharama mnagawana. Mmoja akiingia mitini, fungu lake mnalibeba nyinyi. Kwa hiyo tafuta kwanza wenzako 3 wasio na visingizio, kisha uliza kama saa za mchana siku za kazi zina bei ya chini.

Sasa manunuzi, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni viatu. Viwanja vingi vina nyasi bandia zilizomwagiwa mchanga, na muda wote unageuka na kukimbia kwa upande. Raba za kukimbilia zimeundwa kwa kwenda mbele. Ukikata kona ghafla, kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Chagua soli yenye mistari ya zigizaga na kiatu kinachokaza mguu pembeni. Kama unavyo viatu vya tenisi vya uwanja wa udongo, vitumie hivyo hivyo.

Namba mbili, raketi ya kukodi. Cheza nayo mara 5 au 6 kabla ya kujiamulia.

Tatu, kocha, mkiwa kikundi. Ukuta wa kioo unamchanganya kila mgeni, na masomo mawili ya kuusoma mpira unaorudi kutoka kiooni yatakusaidia kuliko raketi ghali.

Nne ndiyo raketi yako: ya duara, uso wa faibaglasi, ndani laini, gramu 350 hadi 365 hivi. Ya duara inakusamehe hata mpira usipougonga katikati kabisa.

Tano, raketi iliyotumika. Hapa kuwa macho, maana raketi ya padeli haina nyuzi za kubadilisha, uso wake ni mgumu wenye matundu. Ikipata ufa imekwisha. Kagua fremu yote, pitisha kidole kwenye matundu, igonge kwa kiganja usikilize kama inakwaruza ndani.

Mkiani kabisa naiweka raketi ya umbo la almasi yenye uso mgumu wa kaboni. Uzito wake umekaa kichwani, na inadai mkono uliozoea. Mimi nilianza nayo, kwa kiburi tu, na kiwiko kikaniuma hadi nikarudi kukodi.

Mipira huuzwa kwa kopo, mara nyingi 3, na hupoteza presha kadiri inavyotumika, pokezaneni kununua. Mkanda wa kufunga mpini ni wa bei ndogo, badilisha ukianza kuteleza. Begi maalumu la raketi? Mkoba wowote unaofunga zipu unatosha.