Harry Potter ya sita: filamu ya usiku, usiiangalie mchana

Anayetaka kuiona Harry Potter and the Half-Blood Prince (2009) hapa Mtwara asiende kibanda umiza saa nane mchana. Filamu hii imepigwa gizani kwa makusudi, na jua linalopenya kwenye matundu ya misumari ya bati au nyufa za makuti linatosha kufuta matukio mazima. Wengi wanaosema sehemu ya sita imepoa, au haieleweki, waliiona hivyo, iwe Magomeni, Chikongola au Mikindani. Waliisikia tu.

Mbili za mwanzo, 2001 na 2002, Chris Columbus aliziongoza kama hadithi za watoto: mishumaa, meza zilizojaa chakula, rangi ya dhahabu kila kona. Alfonso Cuarón akaleta mawingu katika ya tatu (2004). David Yates akashika usukani kuanzia ya tano mwaka 2007, na hakuuachia mpaka ya nane mwaka 2011. Katika hii ya sita alimchukua mpiga picha Mfaransa, Bruno Delbonnel, ambaye kazi yake iliteuliwa kuwania Oscar. Delbonnel ameikamua picha rangi. Nyuso zina kijivu, kuta zina ukijani wa maji yaliyotuama, na nyeusi imewekwa juu ya nyeusi.

Giza hilo ndilo linalobeba hadithi. Draco Malfoy, mwanafunzi mwenzake Harry na hasimu wake katika shule ya uchawi, akiwa ndani ya suti nyeusi, anaingia peke yake kwenye chumba kilichojaa makorokoro na kusimama mbele ya kabati. Anaweka tufaha ndani, linarudi limeng'atwa. Baadaye anaweka ndege. Hakuna anayekueleza anafanya nini. Filamu inakuachia macho yako. Asiyeona ndege yule amerudi katika hali gani hataelewa maadui wameingiaje shuleni mwishoni, na atalaumu mwandishi bure.

Kwa hiyo andaa TV kwanza. Zima ile setingi ya kubana umeme inayojipunguzia mwanga yenyewe, maana picha ikiwa nyeusi nayo inazidi kufifisha. Chagua hali ya sinema. Ile ya rangi kali ambayo TV nyingi hutoka nayo dukani hufanya nyeusi zote kuwa doa moja. Kisha simamisha filamu Draco akiwa mbele ya kabati, upandishe mwangaza hatua mbili tatu, mpaka mikunjo ya koti lake ijitenge na giza la nyuma yake. Ishia hapo. Ukizidisha, nyeusi inageuka kama jivu na kazi ya Delbonnel imekwisha. Kontrasti usiiguse. Mistari myeusi juu na chini si ubovu: filamu ni pana kuliko kioo, na karibu robo ya kioo hubaki tupu. Ukiivuta ijae, unawakata watu walio pembeni.

Tatizo kubwa zaidi ni nakala. Diski za "nane kwa moja" zimewaharibia wengi filamu hii kuliko nyingine zote saba. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Gawanya kwa nane, kila filamu inapata chini ya MB 600, na hii ina dakika 153. Picha ikibanwa kiasi hicho, kinachotupwa kwanza ni maelezo madogo ya sehemu zenye giza, ndiyo maana tukio la pangoni, karibu na mwisho, linaonekana kama vigae vinavyochezacheza. Tafuta nakala halali, diski moja filamu moja. Mwenye faili safi kwenye kompyuta naye ajue kwamba flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Litakataa hata kama nafasi ipo. Iumbize upya (format) kwa mfumo wa exFAT, baada ya kuhakikisha TV yako inausoma mfumo huo.

Zile zilizotafsiriwa na DJ zina raha yake, ila kwa filamu hii ni hasara. Michael Gambon, anayeigiza mkuu wa shule Dumbledore, anaongea chini kwa chini, muziki wa Nicholas Hooper ni mwembamba, na sauti ya DJ inavifunika vyote viwili. Isitoshe, tafsiri yenyewe inateleza. Horcrux ukiiita hirizi umepotosha, kwa sababu hirizi humkinga mtu, lakini hiki ni chombo chenye kipande cha roho ya muuaji, kilichopatikana kwa kuua. Neno "mchawi" nalo lina uzito wake huku kwetu. Ukisema "shule ya wachawi" mbele ya bibi, eleza haraka kabla hajazima TV.

Kuhusu filamu yenyewe: ni bora kuliko ya tano, na pango ni kati ya matukio makali ya mfululizo wote. Maji meusi, mzee Dumbledore anayenyweshwa dawa inayomtesa, mkono unaotoka majini, halafu moto unaofagia giza lote kwa mara moja. Jim Broadbent, kama mwalimu Slughorn, anaficha aibu ya miaka mingi nyuma ya ucheshi, na uso wake pale anapokubali kutoa kumbukumbu ya kweli unastahili kutazamwa mara mbili. Mnarani, mwalimu Snape anaweka kidole mdomoni mwake kumwashiria Harry anyamaze, na Harry anatii. Kitabuni haiko hivyo; filamu imeboresha.

Penye upungufu ni hapa. Kumbukumbu za ukoo wa Voldemort, adui mkuu wa Harry, ambazo ndizo moyo wa kitabu, zimekatwa karibu zote, na jibu la nani ndiye huyo Mwanamfalme Chotara (Half-Blood Prince) wa kwenye jina la filamu linatupwa kwa sentensi moja. Nyumba ya kina Weasley inachomwa moto, jambo lisilokuwemo kitabuni, halafu filamu inayofuata inaionyesha imesimama bila maelezo yoyote. Mapigano ya mwishoni shuleni nayo yameondolewa.

Marekani iliipa daraja la PG (mtoto aangalie kwa uongozi wa mzazi), jepesi kuliko la filamu ya nne na ya tano, zilizopewa PG-13 (onyo kali zaidi kwa walio chini ya miaka 13). Usilitegemee. Kuna kijana anayelowa damu chooni na maiti zinazopanda kutoka majini. Mtoto wa chini ya miaka kumi asikae nayo peke yake.

Anza saa moja na nusu usiku, taa zote zimezimwa, feni isiyopiga kelele, na utamaliza saa nne. Kama ni kibanda, epuka Jumamosi na Jumapili, kwa sababu mpira ukianza hakuna atakayekuachia kioo. Ya saba na ya nane, dakika 146 na 130, ni kitabu kimoja kilichokatwa katikati, kwa hiyo zichukue zote mbili pamoja.