FIFA 11+ kwenye uwanja wa shule: tathmini ya mwalimu wa michezo

Programu ya kupasha misuli moto iitwayo FIFA 11+ hutolewa bure, haidai leseni, na haihitaji kifaa cha kununua zaidi ya mpira na alama za kuweka chini. Iliandaliwa na wataalamu wa tiba ya michezo wa Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) wakishirikiana na wenzao wa Oslo, Norwe, na wa Santa Monica, Marekani, nayo imekuwa ikitumika tangu 2006. Ninaitathmini hapa kwa ajili ya walimu wa michezo wa shule za sekondari nchini Tanzania, kwa sababu wengi wetu huipata kwenye kozi za ukocha, huijaribu kwa wiki chache, kisha huiweka kando kwa kuona inakula muda wa mpira. Nimeitumia kwa timu za soka na za mpira wa pete, wavulana na wasichana, kwenye uwanja wa udongo mgumu usio na nyasi hata kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo huduma bora ya usalama ambayo shule isiyo na fedha inaweza kuipata. Lakini inafanya kazi pale tu mwalimu anaposimama karibu na kuyaangalia magoti ya wanafunzi wake.

Ndani yake mna mazoezi 15 yaliyogawanywa katika sehemu tatu, na timu iliyokwisha kuyazoea huyamaliza kwa dakika 20. Sehemu ya kwanza ni mbio za taratibu za dakika 8, ambapo wachezaji hutoka wawili wawili kati ya safu mbili za alama, wakifungua nyonga kwenda nje, wakizirudisha ndani, wakizungukana, na kugonganisha mabega hewani. Sehemu ya pili, ya dakika 10, ndiyo iliyobeba uzito wa programu nzima: mazoezi sita ya nguvu, mizani na kuruka, kila moja likiwa na ngazi tatu za ugumu ili anayeanza asilazimishwe kufanya kazi ya mzoefu. Sehemu ya tatu ni dakika 2 za mbio za kasi na kukata kona. Siku ya mechi sehemu ya pili huachwa, zikafanywa ya kwanza na ya tatu pekee, ili miguu isiingie uwanjani ikiwa imechoka.

Madai ya programu hii hayasimami juu ya maneno matupu. Nchini Norwe ilipimwa kwa msimu mzima wa 2007 kwa wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17 katika vilabu 125. Kundi lililoitumia lilipata majeraha pungufu kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Anayesema kwamba Norwe ni nchi ya viwanja vya kapeti na madaktari kila kona ana haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana mimi huupa uzito zaidi utafiti wa Lagos uliochapishwa 2014, ambapo timu 20 za ligi ya vijana zenye wachezaji 416 zilifuatiliwa kwa miezi sita, na majeraha yakapungua kwa asilimia 41 kwa waliotumia 11+. Vijana wa Lagos wanacheza kwenye joto na kwenye viwanja ambavyo mwalimu wa Tanga au Mwanza angevitambua mara moja.

Sasa nije kwenye matumizi yenyewe. Zoezi la tisa, la misuli ya nyuma ya paja, ndilo linalowaudhi wanafunzi kuliko yote na ndilo ambalo ningekuwa wa mwisho kulifuta. Mchezaji mmoja hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha aliyepiga magoti hujiinamisha mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka kutoka kichwani hadi magotini, mpaka misuli ishindwe kumzuia na mikono impokee chini. Kwenye nyasi hilo ni jambo dogo. Kwenye udongo wenye changarawe magoti huchubuka kwa mara ya kwanza tu, na mwanafunzi aliyechubuka hatarudia kwa hiari. Tulimaliza tatizo hilo kwa viroba vitupu vya unga vilivyokunjwa mara kadhaa, kimoja kwa kila jozi, ingawa mwongozo wenyewe umeandikwa kana kwamba kila timu duniani inafanyia mazoezi kwenye zulia la kijani. Vivyo hivyo kwa zoezi la kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko: ukilifanyisha kwa wanafunzi waliovaa mashati meupe ya sare, kesho yake utajibu maswali ya wazazi wanaofua. Wavae nguo za michezo, au litandikwe turubai. Na kwa alama, chupa za plastiki zenye mchanga kidogo ndani zinatosha kabisa. Mawe yasitumike, maana ni kichekesho kuwavunja watoto vifundo kwa alama za zoezi la kuzuia kuvunjika.

Zoezi la kumi na mbili, la kuruka, ndilo linalomtaka mwalimu awe macho zaidi. Mwanafunzi akiruka juu na kutua, magoti yake yanapaswa kubaki juu ya vidole vya miguu, yamekunjwa kidogo, na yasielekeane kwa ndani. Wengi, hasa wasichana walioingia kwenye ujana hivi karibuni, hutua magoti yakikutana, na huo ndio mkao unaokata ile ligamenti ya goti ambayo mashabiki wa soka wameizoea kwa jina la ACL. Hatari ya kuikata kwa wasichana wanaocheza soka ni mara mbili hadi tatu ya ile ya wavulana. Mwalimu mwenye kikosi kikubwa hawezi kumtazama kila mmoja kwa wakati mmoja, lakini anaweza kusikiliza: atuaye vibaya hutua kwa kishindo, na atuaye kwa magoti laini hasikiki sana. Nimekuwa nikiwapanga safu ya watano, nikisimama mbele yao badala ya pembeni, kwa sababu ukiwa pembeni huoni goti linavyoingia ndani. Asiyefanya hivi, akapiga filimbi na kuhesabu moja hadi kumi akiwa amekaa kivulini, hatoi programu hii bali anatoa gwaride. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza, “Mwalimu, haya ni mazoezi au gwaride?” na swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimemwachia kapteni aendeshe peke yake.

Kuhusu muda, malalamiko ya walimu ninayaelewa. Kipindi ni cha dakika 40, na wiki za mwanzo programu huchukua karibu mara mbili ya muda ulioandikwa kwa sababu kila zoezi linahitaji kuelekezwa. Ushauri wangu ni kutoifundisha yote kwa mara moja. Anza na sehemu ya kwanza na ya tatu, kisha ongeza mazoezi ya sehemu ya pili mawili mawili. Tatizo jingine ni foleni: mpango wa njia moja ya kupita wawili wawili umebuniwa kwa kikosi cha klabu, si kwa kidato kizima kilichomiminika uwanjani. Tengeneza njia tatu au nne sambamba, la sivyo walio nyuma watapoa kabla zamu yao haijafika, na kazi yote itakuwa bure.

Kuna faida ambayo haimo kwenye mwongozo. Shuleni mpira una wachache wanaocheza na wengi wanaotazama; mazoezi yakianza moja kwa moja kwa mechi ya upande kwa upande, aliye dhaifu hupewa nafasi ya kuokota mipira. Programu hii haiulizi nani ana kipaji. Kila mmoja anahitaji mwenzake wa kumshika vifundo, wa kumrushia mpira akiwa amesimama kwa mguu mmoja, wa kumsukuma kidogo kumjaribu mizani. Wasichana waliokuwa wakikaa kwenye ngazi za darasa wakati wa michezo walianza kujiunga kwa ajili ya sehemu hii, wengine wakiwa na hijabu na suruali za michezo ndefu, na baadhi yao sasa wamo kwenye kikosi cha mpira wa pete. Mchezo huo una kuruka na kutua kwingi kuliko soka, na mazoezi ya sehemu ya pili yanaufaa bila kubadilishwa chochote.

Yapo mambo ambayo 11+ haiyagusi, na shule isijidanganye kwamba ikiyafanya mazoezi haya imemaliza habari ya usalama. Haisemi nani acheze na kwa tahadhari gani: mwenye selimundu anahitaji maji ya kutosha na ruhusa ya kupumzika bila kuomba mara mbili, mwenye pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani na si bwenini, na wote wawili wana haki ya kushiriki. Haisemi lolote juu ya mwanafunzi aliyegongwa kichwa, ambaye anapaswa kutolewa na asirudishwe siku hiyo hata akisema yuko sawa. Haisemi kuhusu saa ya mazoezi. Huku pwani, saa nane mchana ni muda wa kumuumiza mtoto kwa joto, na aliyezidiwa na joto hadi kuchanganyikiwa humwagiwa maji baridi mwili mzima hapo hapo uwanjani wakati gari linatafutwa, si baada ya kufika zahanati. Haisemi kuhusu magoli ya mabomba yanayobebwa na kuegeshwa bila kufungwa chini, ambayo watoto huyaninginia na ambayo yameua watoto katika nchi nyingi. Wala haisemi kuhusu moyo unaosimama ghafla, ingawa dunia nzima iliona tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen jinsi Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark aliyeanguka uwanjani, alivyookolewa kwa kukandamizwa kifua mara moja na kushtuliwa moyo kwa mashine. Mashine hiyo hatuna, lakini kukandamiza kifua kunafundishika.

Lawama kubwa zaidi ninaielekeza kwenye kalenda yetu wenyewe. Mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, hupanda kutoka shule hadi taifa katikati ya mwaka, na mtindo uliozoeleka ni kuwaita wanafunzi kambini siku chache kabla, wakafanya mazoezi asubuhi na jioni baada ya miezi ya kukaa. 11+ hutakiwa kufanywa angalau mara mbili kwa wiki kwa wiki nyingi mfululizo. Ikianzishwa kambini haiwezi kuimarisha misuli ya mtu, itaongeza tu uchovu juu ya uchovu. Ianze Januari shule zinapofunguliwa, na ifanywe na wote, kabla kikosi hakijachaguliwa.

Walimu wa shule za msingi wanaoandaa timu za UMITASHUMTA, mashindano ya shule hizo, wasiichukue hii. Wachukue 11+ Kids, iliyotengenezwa kwa walio chini ya miaka 14, yenye mazoezi saba tu na ngazi tano, na ambayo majaribio yake katika nchi nne za Ulaya, kwa watoto karibu 3,900, yalipunguza majeraha kwa takriban nusu. Tofauti yake kubwa ni kwamba inawafundisha watoto kuanguka: kujiviringisha kwa bega badala ya kutanguliza kiganja, maana katika umri huo mikono huvunjika sana. Zoezi hilo halifai kwenye udongo mgumu. Lifanyieni kwenye shimo la mchanga la kuruka, baada ya mtu mzima kulipitishia reki kutoa vigae vya chupa na miiba.